Vitabu vya kielektroniki maktaba ya chuo hapa Tabora: kabla ya kusaini mkataba wa dola, tuanze na vya bure

#1 Mkutubi wa Unyanyembe (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Jambo hili tumelijadili kwenye vikao vya chuo chetu mpaka maneno yamekwisha, na kwa kuwa naona linavigusa vyuo vingi vidogo vya mikoani, nimeona nililete hapa.

Nafanya kazi maktaba ya chuo kikuu hapa Tabora mjini, jina la chuo naliacha. Kifungu cha vitabu kimepunguzwa tena. Sababu zinaeleweka: chuo kinaendeshwa kwa ada, ada inasuasua, mishahara haisubiri, na maktaba ikikatwa fedha hakuna anayeandamana. Katika kubana huko likaja pendekezo kwamba tuache kununua vitabu vya karatasi, tuhamie vya kielektroniki kwa kuwa ni nafuu. Kuhama nataka, tena nataka sana. Ninachopinga ni hesabu iliyotumika.

Kwanza hali ya rafuni, ili mtu aliye mbali aelewe. Mwaka wa kwanza wa ualimu wako mamia. Kitabu cha takwimu wanachoelekezwa kusoma tunacho nakala za kuhesabu vidole, na moja inakaa dawatini kwa kusomewa humo humo ndani, saa mbili mbili. Ukiifungua hiyo ya dawatini utakuta sura ya upimaji wa nadharia tete haipo. Imekatwa kwa wembe, taratibu, karibu kabisa na mshono, na kwa nje kitabu kinaonekana kizima. Kurasa hizo hizo utazikuta steshenari nje ya geti, zimebanwa pini, zinauzwa kwa bei ya kopi. Aliyekata amefanya kosa, lakini tusisahau kwamba alikuwa na mtihani na foleni ya wenzake mia mbele yake.

Dawa ya hali hii ni kitabu ambacho watu mia tatu wanaweza kukifungua kwa wakati mmoja. Wengi wetu tunadhani kitabu chochote cha kielektroniki kiko hivyo. Hakiko. Wachapishaji wa nje huuza leseni, na leseni zina madaraja: ya mtumiaji mmoja, ya watumiaji watatu, ya wasio na idadi. Ukinunua ya mtumiaji mmoja, anayekifungua kwanza ndiye anayesoma, wa pili anaambiwa asubiri, kama vile kitabu kiko mkononi mwa mtu. Hiyo isiyo na idadi ndiyo tunayoihitaji, na ndiyo ghali. Kitabu ambacho kwa karatasi mtu binafsi angekipata kwa bei ya kawaida, taasisi inaweza kuuziwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo.

Halafu kuna kukodi. Tuliletewa ofa ya kifurushi cha makumi ya maelfu ya vitabu, unalipia kila mwaka. Kwenye kikao idadi hiyo iliwapendeza watu. Mimi nikaomba muda wa majaribio, nikachukua mihtasari ya kozi zetu, nikatafuta kitabu kimoja kimoja. Vilivyopatikana havikufika hata robo. Yaliyobaki kwenye kifurushi ni mambo mazuri, lakini ni sheria za Marekani, usimamizi wa hospitali za Uingereza, historia ya mitaa ya Ulaya. Darasani kwetu hayafundishwi.

Na bei ni ya dola. Chukua mfano wa ankara ya dola 5,000. Dola ilipokuwa inacheza kwenye shilingi 2,300, hiyo ilikuwa milioni 11 na nusu. Ilipofika 2,700 mwaka 2024, ankara ile ile ikawa milioni 13 na nusu. Milioni 2 zimeongezeka na hakuna hata kurasa moja iliyoongezeka. Usipolipa, milango inafungwa siku hiyo hiyo, na miaka yote uliyolipa nyuma haikuachii kitu rafuni.

Msinione mwoga wa teknolojia. Haya yameshawapata wenye fedha kuliko sisi. Mwaka 2022 mchapishaji Wiley aliondoa vitabu zaidi ya 1,300 kwenye kifurushi kikubwa cha ProQuest, kampuni inayouzia maktaba vitabu vya kielektroniki, mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wa Marekani wakiwa tayari wamepangiwa kuvisoma. Wakutubi walipopiga kelele, vikarudishwa kwa muda. Februari 2025 kampuni ya Clarivate, inayomiliki ProQuest tangu 2021, ikatangaza kwamba inaacha kuuzia maktaba vitabu kwa malipo ya mara moja, inabaki na mfumo wa kulipia kila mwaka. Kelele zikawa kubwa hadi muda wa mwisho ukasogezwa kutoka Oktoba 2025 hadi Juni 2026. Chuo chenye bajeti ya mabilioni kinalalamika. Sisi wa Tabora tutasimama wapi?

Sasa ninachopendekeza.

Tuanze na vitabu huria, vile ambavyo mwenyewe mwandishi au mchapishaji ameruhusu vipakuliwe, vinakiliwe na kugawiwa bure. Chuo Kikuu cha Rice kule Texas kina mradi wa OpenStax tangu 2012, na una vitabu kamili vya kiada vya takwimu, uchumi, sosholojia, saikolojia, baiolojia, vimeandikwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kitabu chao cha takwimu kina ile sura iliyokatwa kwa wembe. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maktaba yake ya vitabu huria vya kiada. Kwa vitabu vya utafiti kuna DOAB, orodha ya kimataifa ya vitabu huria vilivyopitiwa na wataalamu. Kwa sheria na hukumu za nchini kuna TanzLII, ambayo inaendeshwa na Mahakama yetu wenyewe na haitozi senti.

Pili, Research4Life. Mpango huu ulianza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ikafuata AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na sasa unagusa afya, kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopata bure. Chuo kinajisajili, maktaba inapewa nenosiri. Ndani yake kuna majarida na vitabu ambavyo tukinunua wenyewe tungefilisika. Nimekuta vyuo ambavyo vimesajiliwa miaka mingi na nenosiri liko kwenye droo ya mtu mmoja aliyekwisha kuhama.

Tatu, tukilipia kitu, tulipie kwa pamoja. Tuna COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, ambao unajadiliana bei kwa niaba ya wote na wanachama wanachangia. Chuo kidogo kikienda kwa muuzaji peke yake hakina sauti.

Na fedha kidogo itakayosalia, hapa ndipo nasimama kidete, inunue vitabu vya karatasi vya Tanzania. Fasihi ya Kiswahili, isimu ya Kiswahili, historia ya elimu yetu, vitabu vya wachapishaji wa Dar es Salaam. Hivyo havimo kwenye kifurushi cha kigeni wala kwenye vitabu huria. Vinalipiwa kwa shilingi, vinapakiwa kwenye basi na kesho yake viko stendi.

Naomba michango yenu, hasa wenye uzoefu.

#2 Mwana Isevya

Mkuu shukrani kwa uzi huu. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga Isevya. Niongee upande wetu.

Vile vitabu vichache vya mtandaoni tulivyonavyo vinafunguka ukiwa ndani ya chuo tu. Nikirudi geto nikibonyeza naambiwa sina ruhusa. Chuoni waifai ikifika saa nne asubuhi haishikiki, watu wote wameingia. Kwa hiyo inabaki bando langu, na bando la mwanafunzi unalijua. Ile fedha ya vitabu na viandikwa ya Bodi ya Mikopo inaliwa, tuseme ukweli, bumu likichelewa mtu atakula kitabu?

Jambo lingine ni kwamba kompyuta mpakato hatuna wengi, tunasomea kwenye simu. Faili la PDF la kurasa kubwa kwenye simu ndogo unavuta kushoto, unavuta kulia, ukifika mwisho wa mstari umeshasahau mwanzo wake. Ndiyo maana tunakimbilia kopi za steshenari.

#3 Mkutubi wa Unyanyembe

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Nikujibu.

La kutofunguka geto: wauzaji wanautambua mtandao wa chuo kwa anwani yake. Ukitoka nje ya mtandao huo, wewe ni mgeni. Kuna programu za proksi ambazo zinakuwezesha kuingia kwa namba yako ya usajili ukiwa popote, na mimi naona chuo kisichoziweka kisilipie leseni yoyote, maana kinawalipia wanaolala chuoni peke yao.

La bando: vitabu huria vina sifa moja ambayo vya kukodi havina. Leseni yake inakuruhusu kuvipakua mara moja na kuviweka kwenye seva yako mwenyewe. Usiku, mtandao ukiwa mwepesi, maktaba inapakua. Mchana mwanafunzi anaunganisha simu na rauta ya maktaba, anafungua kitabu kutoka kwenye mashine iliyo chumba cha pili, bila kugusa intaneti kabisa. Mashine yenyewe haihitaji kuwa ya kutisha. Kompyuta ya mezani iliyotumika, diski kubwa, programu ya bure kama Calibre ya kupanga vitabu, na Kiwix inayobeba Wikipedia nzima na mikusanyo mingine kwa kusomwa nje ya mtandao. Akishaingiza kitabu kwenye simu yake ni chake, anakwenda nacho Isevya, anakwenda nacho Nzega likizo.

La simu ndogo: tafuta faili la EPUB badala ya PDF pale lilipo. EPUB inajipanga upya kulingana na upana wa kioo, unakuza herufi na mstari unajikunja wenyewe. Tatizo ni majedwali na fomula, hapo PDF bado inashinda. Maktaba ikiweka yote mawili kwa kila kitabu, kila mtu atajichagulia.

#4 Mwalimu wa Ujiji

Salaam kutoka Kigoma. Nafundisha huku, na kwa heshima zote nitampinga mkuu mahali pawili.

Kwanza, kusoma kwenye kioo siyo kusoma kitabu. Nawaona wanafunzi wangu. Wakiwa na PDF wanatafuta neno la swali, wanasoma aya moja, wananakili, wamemaliza. Mwenye kitabu cha karatasi hata kama ni mvivu atapekua, atakutana na sura ambayo hakuitafuta. Tukihamishia kila kitu kwenye simu tutapata wahitimu wa aya moja moja.

Pili, umeme. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya Taifa haijatufikia, tunajua kukaa gizani kunavyokuwa. Umeme wa gridi nao unakatika. Kitabu cha karatasi kinasomeka mchana dirishani hata kama nchi nzima haina umeme. Seva yako ikizimika katikati ya juma la mitihani utawaambia nini?

Ila kuna jambo ambalo hukulisema na ndilo kubwa: wahadhiri. Mihtasari yetu imerithiwa. Kuna kozi inataja toleo la miaka ya tisini ambalo halichapishwi tena. Hata ukiweka kitabu huria kizuri kiasi gani, mhadhiri asipokiandika kwenye muhtasari na asipotungia swali kutoka humo, mwanafunzi hatakifungua.

#5 Mkutubi wa Unyanyembe

Mwalimu, shikamoo, na nashukuru kwa kupinga.

La umeme nakubaliana nawe, ndiyo maana mashine na rauta lazima vikae kwenye betri na inveta, na ndiyo maana sisemi tuondoe karatasi. La kusoma aya moja moja nalikubali nusu. Kopi ya steshenari nayo ni sura moja iliyong'olewa kitabuni, mwanafunzi hakuipekua sura ya pili kwa sababu hakuwa nayo. Nikimpa kitabu kizima kwenye simu angalau nimempa nafasi ya kupotea humo.

La wahadhiri, umenena. Sisi tumeanza kidogo kidogo. Tunamfuata mhadhiri ofisini na kitabu kimoja tu kinachofanana na kozi yake, kimeshafunguliwa kwenye kishikwambi, sura zimeshalinganishwa na mada zake za wiki kwa wiki. Barua ya kuwaita wahadhiri kwenye semina huwa haijibiwi. Mtu aliyekaa mbele yako na sura ya nne mkononi unamjibu. Wengine wamekataa, wamesema mifano ni ya Marekani, wanafunzi hawaijui besiboli. Wana haki. Leseni za vitabu vingi vya namna hii zinaruhusu kurekebisha, kwa hiyo mhadhiri anaweza kuandika mifano ya tumbaku ya Urambo na asali ya Sikonge akaiweka humo. Hiyo ni kazi, na chuo kiihesabu kama kazi kwenye upandishwaji vyeo.

#6 Mama wa Elimu Maalumu

Nisaidieni kuwakumbuka wanafunzi wasioona. Kwangu mimi kitabu cha kielektroniki ni haki yao kabla ya kuwa suala la bajeti. Mwanafunzi wangu akiwa na kompyuta yenye NVDA, programu ya bure ya kusoma kioo iliyoanzishwa Australia, anasoma mwenyewe bila kumbembeleza mwenzake amsomee usiku. Ila ukimpa kitabu kilichopigwa skani kikawa picha tupu, programu inanyamaza. Kwake huo ni ukurasa mtupu. Naomba sana, mnapopakia hizo faili zenu mzijaribu kwanza: chagua neno kwa kipanya, likikubali kuchaguliwa ni maandishi, likikataa ni picha.

Tena Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaohusu kuwatengenezea wasioona nakala wanazoweza kusoma. Wakutubi wetu wengi hawana habari nao.

#7 Mkutubi wa Unyanyembe

Mama, asante sana. Jaribio hilo la neno moja nalichukua leo hii. Kwa vitabu vyetu wenyewe, tasnifu za wanafunzi ambazo tunaziweka kwenye DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni, tumekuwa tukipokea nakala iliyopigwa skani kwa kuwa ina sahihi na muhuri. Itabidi tupokee na faili halisi la maandishi.

#8 Mhasibu Mstaafu

Vijana, mimi nimekaa upande wa fedha vyuoni, nawaheshimu wakutubi ila niwaulize kwa lugha ya kihasibu.

Vitabu ni bure, sawa. Mashine, betri, mtu wa kupakua, mtu wa kuingiza kwenye katalogi, hao ni bure? Mkikosa kifungu cha vitabu mtakipata kifungu cha vifaa? Halafu mkaguzi. Kitabu cha karatasi kina namba ya usajili, mkaguzi anakiona rafuni. Kifurushi cha kukodi nilikuwa nashindwa kumwonyesha mali iko wapi. Fedha imetoka, risiti ipo, rafu tupu.

#9 Mkutubi wa Unyanyembe

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako la mkaguzi ndilo ningependa menejimenti ilisikie, kwa sababu linaonyesha kukodi ni nini. Tunalipia ruhusa, na ruhusa haina rafu.

Kuhusu gharama, hakuna cha bure moja kwa moja, ni kweli. Lakini mashine na betri unanunua mara moja kwa shilingi, havipandi dola ikipanda, na ukikosa fedha mwaka ujao vitabu vinabaki palepale. Mtu wa kupakua ni mimi na wenzangu, tuko kwenye mshahara tayari. Kinachokula muda kweli ni katalogi, na hapo sipunguzi neno: kitabu cha kielektroniki kisichoingizwa kwenye katalogi hakipo. Mwanafunzi hawezi kukiona akipita, hakina mgongo. Tunatumia Koha, ambayo ni programu huria, na kila kitabu tunachopakua kinaingizwa humo pamoja na vya karatasi ili mtu akitafuta takwimu aone vyote pamoja. Halafu tunachapa karatasi ndogo yenye msimbo wa QR, tunaibandika rafuni pale pale kinapokaa kile chenye sura iliyokatwa. Mwanafunzi akikuta kitabu hakipo au kimenyofolewa, anapiga picha msimbo, anakipata kizima.

#10 Mwana Isevya

Hiyo ya QR rafuni nimeiona wiki hii na imenisaidia, nilidhani ni tangazo. Waambieni watu wa mwaka wa kwanza siku ya kuwapokea.

Mkuu, swali la mwisho. Menejimenti ikiamua kusaini kile kifurushi hata hivyo, mtafanyaje?

#11 Mkutubi wa Unyanyembe

Wakiamua, nitaomba wasisaini kabla muuzaji hajajibu kwa maandishi. Wangapi wanasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja? Mwanafunzi anaruhusiwa kuchapa au kupakua kurasa ngapi, na faili linajifuta baada ya siku ngapi? Mkiondoa kitabu katikati ya muhula mnatufidiaje? Tukishindwa kulipa mwaka wa tatu, tunabaki na nini? Rekodi za katalogi zimo kwenye bei au zinauzwa peke yake? Programu za wasioona zinasoma? Na lazima watupe takwimu za matumizi kwa kiwango cha COUNTER, ule utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu matumizi ya vitabu na majarida ya mtandaoni, zikiwemo za waliokataliwa kuingia, maana hizo ndizo zinazotuambia ni kitabu gani cha kununua moja kwa moja na kipi cha kuachana nacho.

Na nitaomba mkataba uwe wa mwaka mmoja, wala usijirudie wenyewe bila barua yetu.

Kwa sasa naandaa jedwali la kozi zote za mwaka wa kwanza: upande mmoja kitabu kilichoelekezwa, upande wa pili kitabu huria kinachokaribiana nacho, upande wa tatu maoni ya mhadhiri. Uchumi, takwimu na saikolojia zimejaa. Upande wa Kiswahili na falsafa ya elimu uko wazi kabisa. Mwenye kujua kitabu cha Kiswahili cha ngazi ya chuo kilichotolewa kwa leseni huria, au mwandishi aliye tayari kukitoa cha kwake ambacho mchapishaji ameshamrudishia haki, atupie hapa chini. Na walioko Kigoma, Nzega, Kahama na Shinyanga, mkitaka nakala ya diski yetu njooni na diski yenu tupu. Kunakili yote ni kazi ya usiku mmoja.